Mlango wa Nyuma wa Zahanati

Nilipokuwa mtendaji wa kijiji kimoja cha milimani mkoani Iringa, nilikaa na ufunguo wa zahanati mfukoni kwa miezi minne, na zahanati yenyewe imekamilika. Nasema imekamilika kwa maana ya watu wa kawaida: kuta, bati, kitanda cha kujifungulia, dawa kabatini, na nesi. Kwa maana ya wilayani ilikuwa bado. Ilikuwa haijazinduliwa.

Mimi nimekulia Mbalizi, kando ya barabara kuu, ambako mtu akisimamisha kibanda leo, kesho anauza nyanya. Haya ya kuzindua niliyajulia kazini. Jengo la umma halianzi kutumika mpaka mgeni rasmi aje akate utepe. Mpaka siku hiyo mlango unafungwa, utepe unapita mbele yake, na mtendaji anatunza ufunguo.

"Asifungue mtu," aliniambia mkubwa wangu wa wilayani. "Mgeni akikuta pameshatumika, atazindua nini?"

Swali lilinishinda, basi nikalitumia kuwashinda wengine.

Boma la zahanati ile wanakijiji ndio waliolipandisha hadi kwenye lenta, juu ya madirisha, kama ulivyo utaratibu wetu: wao nguvu, serikali bati. Wanaume walifyatua tofali wakazichoma, wanawake wakabeba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja kijana, jirani yangu, ambaye siku zile za mchanga ndiyo kwanza alikuwa ametoka kumzika mtoto wake. Alimzalia njiani, kwenye tope, wakimkimbiza hospitali ya wilaya. Mtoto aliishi siku mbili. Mama yule hakukosa zamu yake hata mara moja. Jengo lilipopigwa rangi alikuwa na mimba nyingine, na kijiji kizima kilijua kwamba anaomba zahanati ifunguliwe kabla ya siku zake.

Mgeni rasmi aliahirisha mara tatu. Kila mara tulifyeka nyasi na kupaka mawe chokaa, na kwaya ya Walutheri ikabishana na ya Wakatoliki nani aimbe kwanza. Utepe wa kwanza ulipauka kwa jua. Wa pili uliliwa na mbuzi, na katika taarifa yangu niliandika kwamba umeathiriwa na mifugo. Wa tatu niliufuata mwenyewe Iringa mjini, kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, akanipongeza akidhani naoa.

Nesi naye, maskini, alikuwa ameripoti mapema. Kila asubuhi alivaa sare yake, akasaini daftari la mahudhurio ofisini kwangu, kisha akaenda kukaa kwenye baraza ya zahanati iliyofungwa hadi saa tisa na nusu. Wagonjwa walimpita wakimsalimia, "Kamwene," naye akaitikia "Kamwene" na kuwaelekeza hospitali ya wilaya. Kwenye taarifa ya mwezi, safu ya watumishi waliopo kazini, nilijaza: mmoja. Haukuwa uongo.

Masika yakashika, barabara ikakatika bondeni. Asubuhi moja, saa nne hivi, nilikuwa ofisini naandika taarifa ya uboreshaji wa huduma nesi alipoingia mbio.

"Mtendaji, njoo na ufunguo. Jirani yako uchungu umemshika."

Nilimkuta barazani, amekumbatia nguzo, mama mkwe wake amemshika kiuno. Mvua ilikuwa imewalowesha wote wawili. Alinitazama kidogo, akafumba macho.

Ningependa sana kuandika hapa kwamba nilifungua. Nilipanda kichuguu, mahali pekee penye mtandao, nikapiga simu kuomba kibali. Mkubwa wangu hakupokea. Nikampigia msaidizi wake, akaniambia kwa kunong'ona kuwa wako kwenye semina.

"Semina ya nini?"

"Huduma bora kwa mteja. Nitamuuliza wakitoka kunywa chai."

Nikashuka, nikamwambia nesi tusubiri chai.

"Chai ya nani?" akauliza nesi.

Mama mkwe hakupandisha sauti. "Mwanangu, mchanga wa nyumba hii huyu kabeba kwa kichwa chake. Wewe umebeba nini?"

Nilikuwa nimebeba ufunguo. Nilisimama nao pale karibu saa nzima, nikipanda kichuguu na kushuka, huku yule mama akiuma kanga yake asipige kelele. Naiandika saa hiyo hapa kwa sababu hakuna taarifa nyingine iliyoiandika. Niliogopa. Nilikuwa na watoto wawili shuleni Mbeya, na nilishamwona mtendaji mwenzangu akisimamishwa kazi kwa jambo dogo kuliko hili. Niliona aibu pia, lakini woga ulikuwa na nguvu zaidi.

Kilichoniokoa si moyo, ni akili ya ofisini. Nilikumbuka kwamba utepe uko mlango wa mbele. Mlango wa nyuma, wa stoo, haukutajwa katika agizo lolote. Nikazunguka, nikafungua, tukampitisha katikati ya maboksi ya dawa hadi kitandani. Mtoto wa kike alizaliwa kabla wilayani hawajatoka kunywa chai. Alilia kwa nguvu, na nesi, aliyekuwa amekaa bila kazi tangu aripoti, akalia naye.

Baadaye msaidizi alipiga. "Mkubwa anasema msubiri."

"Tunasubiri," nikamjibu.

Tuliosha shuka, tukafuta sakafu, nikafunga stoo. Ikabaki karatasi. Kizazi cha zahanati huandikwa na nesi kwenye rejista ya zahanati, lakini rejista ile nayo ilikuwa inasubiri mgeni. Kizazi cha nyumbani huandikwa na mtendaji. Basi nikaandika mimi. Mahali alipozaliwa: nyumbani. Nikagonga mhuri.

Mgeni rasmi alikuja mvua zilipokatika. Kwaya ziliimba zote kwa pamoja, na hakuna aliyesikia maneno. Utepe ulikatwa, watu wakapiga picha. Nilikuwa nimeagizwa kupanga akina mama wenye watoto wachanga mstari wa mbele, na mgeni akamwendea moja kwa moja jirani yangu.

"Mama, huyu mrembo alizaliwa wapi?"

Mkubwa wangu alikuwa amesimama begani kwa mgeni. Nesi akaangalia viatu vyake. Kijiji kizima kilikuwa kikijua. Mama alinitupia jicho mara moja tu.

"Nyumbani, mheshimiwa."

"Mmesikia?" Mgeni akaugeukia umati. "Nyumbani! Basi huyu awe wa mwisho."

Watu walipiga makofi, vigelegele vikapaa, na cha mama mkwe kikavizidi vyote. Mkubwa wangu aliniinamishia kichwa kwa kuridhika. Nikapiga makofi na mimi.

Magari yalipoondoka nilimfuata yule mama. Nilitaka kumshukuru, na zaidi nilitaka kumwomba radhi kwa ile saa ya barazani. Nilianza na shukrani kwa sababu ndiyo rahisi.

"Unanishukuru nini, Mtendaji?" akasema. "Si ndivyo ulivyoandika mwenyewe?"

Nilibaki nimeshika daftari langu. Nesi alikuwa akiita watoto wakapimwe uzito, na mlango wa mbele ulikuwa wazi, vipande vya utepe bado vinaning'inia. Mama akakaza mbeleko, akazunguka jengo, akaingia kwa mlango wa nyuma.