Haramia wa Kambi ya Wesha

Juzi nilimwona mwanangu akimfunga mwenzake mikono kwa kanga, nikakumbuka kambi ya watoto wa kanisa kule Wesha, mchanga ukinuka dagaa walioanikwa. Mwalimu alitugawa maharamia na mateka. Mimi, haramia, nilimfunga rafiki yangu Neema, nikamchapa kwa fimbo ya mpera.

"Hazina iko wapi?"

"Sijui! Haki ya Mungu, sijaambiwa!"

Alilia kwa sauti. Nilidhani anaigiza vizuri, nikazidisha, mpaka fimbo ikampasua juu ya jicho na damu ikamtiririka hadi mdomoni. Mwalimu alininyang'anya fimbo. Hazina yenyewe ilikuwa pipi, na zilikuwa mkobani mwa mwalimu.

Alipozigawa, Neema alikwenda kukaa mbali nami. Nikadhani amenuna kwa sababu maharamia tumeshinda.