Masikio ya Mshale

Papa-papa-papa-papa.

Fundi saa aliikumbuka sauti hiyo vizuri sana, masikio mapana ya mbwa yakipigapiga kichwa, kama mtu anayekung'uta kitambaa kibichi mlangoni. Mara ya kwanza kuisikia alikuwa ameshika kibano, na kwenye ncha ya kibano gurudumu dogo kuliko punje ya mtama. Mkono ukashtuka, gurudumu likaruka. Alilitafuta sakafuni kwa magoti mpaka mchana, akimtukana mbwa kwa upole, na mbwa akimfuata nyumanyuma akidhani ni mchezo.

Mbwa aliitwa Mshale, kwa sababu alipokuwa mdogo alizunguka meza ya kazi bila kuchoka, upande uleule kila siku, kama mshale wa saa. Sasa alikuwa mkubwa na mzito, analala chini ya meza hiyo, kidevu juu ya ndara ya bwana wake. Mteja akibisha, Mshale ndiye aliyeinuka kwanza na kumgusa fundi goti kwa pua. Ndipo fundi naye huinuka.

Tangu siku ya lile gurudumu, sikio la kushoto la Mshale lilikuwa linaugua, linapona, linaugua tena. Lilitoa nta nyeusi, na harufu kama ya mkate uliosahaulika kwenye mfuko. Mwaka huo peke yake walikuwa wamekwenda kwa daktari wa mifugo mara tatu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mdogo kuliko binti wa fundi, na mara hii ya tatu hakuzungukazunguka.

"Mzee wangu, huku ndani nyama imeanza kuwa ngumu. Sikio likiugua tena, matone hayatafika. Itabidi tumpasue, na sikio hili halitasikia tena."

"Dawa nimempa, Daktari. Kama ulivyosema."

"Siku zote kumi na nne?"

"Mpaka alipopona."

"Nani alikwambia amepona?"

Fundi alijikuta anaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa nyuma kwa dakika sita. "Nikurekebishie hii?"

"Tuanze na mbwa, baba yangu."

Akamwonyesha upya. Sikio linanyanyuliwa juu, dawa ya kusafishia inamiminwa mpaka ijae. Halafu unakanda hapa chini, penye mfereji, taratibu, "mpaka usikie maji yanacheza ndani. Chwa, chwa, chwa. Umesikia?"

Fundi aliinamisha kichwa karibu na mkono wake. "Nimesikia."

Baada ya hapo unamwacha mbwa ajikung'ute, unafuta kwa pamba pale kidole kinapofika tu, huchokoi kwa kijiti hata ukiona uchafu unakuchungulia. Unasubiri sikio likauke. Ndipo matone, asubuhi na jioni. Akioga, unamkausha masikio kabla ya mkia.

Fundi alirudi nyumbani na chupa mbili, na tangu siku hiyo hakutulia. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yake: meza, taa ya kuinama, saa za watu ukutani, kila moja na wakati wake. Alikuwa akikaa, anainuka. Anafungua mgongo wa saa, anaufunga kabla hajaangalia. Anapiga magoti chini ya meza, ananusa sikio, anarudi kitini, na kabla kiti hakijapata joto yuko chini tena. Mshale alianza kumwona kama mgonjwa.

Siku ya sita harufu ilikwisha. Fundi akakaa kimya kabisa, akisikiliza. Hakuna papa-papa. Akasikiliza tena baada ya chakula, na jioni, na asubuhi yake. Kimya.

Katika kazi yake kuna jambo moja ambalo mwanafunzi hupigiwa kelele mpaka alielewe: saa ikishatembea vizuri, ondoa mikono. Tone la mafuta linalozidi ndilo linaloisimamisha. Basi akazipandisha zile chupa juu ya rafu, nyuma ya boksi la mikanda. Mara mbili zilizopita alifanya hivyohivyo.

Jumapili binti yake alikuja. Alibisha mpaka vidole vikauma, kisha Mshale akamgusa fundi goti.

"Shikamoo, baba. Ulikuwa umelala?"

"Marahaba, mama. Nilikuwa nimezama kazini."

"Umezama mpaka sakafuni? Nusura niite majirani wavunje mlango."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kumsimulia habari za watoto. Katikati akauliza: "Huyu anajikung'uta hivi tangu lini?"

"Nani?"

"Mshale! Si hapo nyuma yako?"

Fundi akageuka. Mbwa alikuwa amekaa, kichwa kimeinama upande wa kushoto, macho ya aibu. "Hajajikung'uta."

"Baba, usinitanie. Ni mara ya tatu tangu nimekaa."

Akageuza kiti chote, akamkodolea macho. Hakungoja sana. Mshale alisimama, akatikisa kichwa kwa nguvu, na yale masikio mapana yakaruka huku na huku, yakapiga shavu, yakapiga paji. Fundi aliyaona yote. Hakusikia kitu. Ilikuwa kama kutazama saa iliyo nyuma ya kioo kinene.

Aliinua macho ukutani. Saa zote kumi na moja za wateja, mishale inatembea. Ni lini mara ya mwisho alizisikia? Alikumbuka kwamba siku hizi huishika saa kwa ncha za vidole ili kujua kama ina uhai, na kwamba alijiambia ni ustadi wa uzeeni.

Kile kimya alichokipima siku ya sita kilikuwa chake mwenyewe. Mbwa hakuwahi kunyamaza.

"Vaa viatu," alimwambia binti yake.

"Twende wapi? Sijanywa hata maji!"

Alikwishatoka, chupa mbili mfukoni, kamba mkononi. Binti yake alimkimbilia nyuma akimwuliza hili na lile, naye hajibu, na binti akadhani amekasirika.

Daktari alikuwa anafunga. Akafungua tena. Alichungulia sikioni kwa kile kifaa chake chenye taa, muda mrefu, na fundi alikuwa anapiga hatua tatu mpaka dirishani na tatu kurudi.

"Baba, kaa," binti alisema.

"Ugonjwa haujarudi," daktari alisema hatimaye, kwa sauti ya juu kidogo. "Haukuwahi kuondoka. Lakini sikio bado ni laini, tunaweza kuliokoa. Siku kumi na nne kamili, halafu nilione mwenyewe, iwe limepona ama la. Tatizo langu ni moja. Huyu mbwa unampenda, naona. Kwa nini unaacha katikati? Nikijua, nitajua namna ya kukusaidia."

Fundi aliiendea saa ya ukutani, akaishusha, akausogeza mshale dakika sita mbele. Mikono ilitaka kazi. Alifikiria wateja wake. Nani atamletea saa fundi asiyesikia tiki? Alimfikiria binti yake, ambaye angeanza kupiga simu kila jioni na kuzungumza naye kama mtoto. Aliirudisha saa msumarini, ikakaa kombo, akainyoosha, ikakaa kombo tena.

Mshale alishuka kwenye meza ya daktari peke yake, akaja, akamgusa goti kwa pua.

Fundi akachuchumaa. Akalishika lile sikio bovu kwa viganja viwili, lilikuwa na joto, na bila kumtazama mtu akasema, polepole, kwa sauti ambayo hata yeye haikumfikia:

"Ile chwa-chwa, Daktari… sijaisikia hata siku moja."