Bafta Mlangoni kwa Bi Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Afya wa kata alinipa upawa wa bati uliopakwa rangi nyeupe, tochi, na onyo. Upawa ulikuwa wa kuchotea maji kwenye mapipa na mitungi ya watu ili kutafuta viluwiluwi, yaani watoto wa mbu kabla hawajaota mbawa. Weupe wa bati ndio unaowaonyesha. Tochi ilikuwa ya kumulikia vyoo. Onyo alilitoa akiwa ameshika mlango wa ofisi, kama mtu anayeogopa kusikiwa na barabara: "Binti, mwenye nyumba asijue unapima nini. Akijua tu, pipa limeshamwagwa kabla hujabisha hodi, halafu wewe unarudi hapa kuniandikia kwamba Kinondoni haina mbu."

Miaka ya themanini ilikuwa inaishia, nami nilikuwa na cheti kipya na viatu vinavyonibana. Nililichukua lile onyo kama lilivyo, na kwa kweli lilinisaidia. Nilijifunza kuingia uani bila kutangaza shabaha, kuomba maji ya kunywa huku jicho liko kwenye pipa, kuuliza habari za watoto huku nahesabu nzi mezani. Bwana Afya alinisifu kwa jambo hilo, na mie nikazidi. Mkinialika chakula leo, nyie vijana mnaoingia kazi hii, mtaniona nageuza sahani chini juu kabla sijaketi. Mume wangu alikuwaga anasema nimeolewa na serikali, yeye ni mpangaji tu.

Kutoka Kinondoni nilipelekwa Mabibo kukagua magenge ya vyakula, na baadaye, nilipopanda cheo, nikapelekwa Temeke, upande wa Mbagala. Huko ndiko kazi ilikobadilika. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni miaka yote, sukari, sabuni, vitenge, sasa vilikuwa vimejaa madukani, na vilifika kwa malori. Malori yenyewe yalikuwa mitumba kama mashati yetu. Yalikuja yakiwa yamechoka kwa wenyewe, yakaanza maisha mapya kwetu. Barabara kuu ilikuwa na mashimo na trafiki, kwa hiyo madereva walijitafutia njia ya mkato katikati ya mtaa mmoja wenye kilima kidogo. Pale kilimani ndipo walipobadilisha gia, na moshi mweusi uliotoka hapo uliingia moja kwa moja kwenye baraza ya Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mjane wa makamo, Mzaramo wa hapo hapo, muuza vitumbua. Nyumba ilikuwa ya marehemu mumewe, na hakuwa na kitu kingine. Alikuwa na pumu. Alilala amekaa, mgongo ukutani, na akiongea alikata maneno katikati ili avute pumzi. Ni yeye aliyekuja ofisini kulalamika, amevaa baibui lililopigwa pasi, ameshika leso ya kufutia kiti kabla hajakikalia. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, mie sitaki makubwa. Hayo malori yapite njia yao. Kifua changu hakifiki mwaka mwingine hivi hivi."

Nilimwamini kuhusu kifua, maana nilikuwa nakisikia. Mengine yote niliyawekea alama ya kuuliza, kwa mazoea.

Bahati nzuri au mbaya, ulikuwa wakati wa uchaguzi wa madiwani, wa kwanza kwetu wenye vyama vingi. Wagombea wawili walikuwa wamelishika jambo la malori. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, aliyeahidi kupigania sheria ndogo, yaani sheria inayotungwa na halmashauri kwa eneo lake tu, ya kuzuia malori makubwa mtaani kuanzia asubuhi hadi jioni. Wa pili alikuwa tajiri mwenye malori yake mwenyewe, na yeye hakuficha: malori yapite. Mtendaji wa kata akaamua wakutane kwenye uwanja wa shule ya msingi, Jumamosi alasiri, wajibizane mbele ya wananchi. Idara yetu ikaombwa ilete ushahidi kuhusu hewa.

Mashine za kupimia hewa tulizisoma vyuoni tu. Tulichokuwa nacho ni bafta, ile nguo nyeupe ya pamba ambayo kila mtu wa pwani anaijua kwa sababu ndiyo sanda yake. Unakata kipande cha upana wa dhiraa moja, unakitundika kando ya barabara siku saba, na kingine unakitundika mbali na barabara kwa kulinganishia. Siku ya saba unaviweka juu ya kadi yenye rangi tano za kijivu, kutoka nyeupe hadi nyeusi, na unasoma kila kimoja kimefikia rangi ipi. Ni kipimo cha kimaskini, lakini mtu asiyejua kusoma anakielewa kwa macho.

Cha kulinganishia nilikitundika nyuma ya ofisi ya kata. Cha barabarani nilikitundika kwenye kizingiti cha juu cha mlango wa Bi Tatu. Kila kimoja nilikishonea uzi mwekundu pembeni, mishono saba, ili mtu asinibadilishie. Bi Tatu aliitazama bafta mlangoni pake na sikupenda alivyoitazama.

"Hii ya nini, Bibi Afya?"

"Ya ofisi," nikasema. "Ikae hapa mpaka Jumamosi. Nitakuja kuichukua mwenyewe."

"Ya ofisi," akarudia. Hakuuliza tena. Watu wa umri wake walikuwa wamezoea serikali kuja na kitu na kuondoka nacho.

Jumamosi asubuhi nilifika, Bi Tatu hayupo, ameenda sokoni kununua mchele. Bafta ilikuwepo kwenye kizingiti. Ilikuwa nyeupe. Si nyeupe ya kusamehewa, nyeupe pe, nyeupe kuliko nilivyoitundika. Niliuangalia uzi mwekundu, mishono saba, yote ipo. Mtu mwenye akili iliyotulia angesema: basi ni kitambaa kile kile. Mie nilisema: hata uzi wameuiga. Nikakumbuka kwamba dereva mmoja wa yule mgombea tajiri alikuwa akinywa chai kwenye baraza ile kila asubuhi. Nikakumbuka kwamba juzi yake Bi Tatu alikuwa na kanga mpya. Mpaka nafika ofisini nilikuwa nimeshaijenga kesi nzima, na Bi Tatu mwenyewe nilikuwa nimemwingiza humo.

Afisa Afya wa Wilaya, mkuu wangu, alikuwa mtu mpole aliyependa kuchora miraba kwenye karatasi wakati wa kusikiliza. Alichora hadi nikamaliza. Kisha akasema, "Umemuuliza mwenye mlango?"

"Atanidanganya, mzee."

"Inawezekana. Lakini hujamuuliza." Akanirudishia bahasha zangu mbili zenye vile vitambaa. "Ukifika pale sema ulichopima. Unachodhani kiache hapa mezani, nitakutunzia."

Ningemsikiliza, nisingekuwa na la kuwasimulia leo.

Uwanja ulijaa. Wachonga vinyago walikuja kwa sababu magogo yao ya mpingo yanakuja kwa lori, mama wa watoto wadogo walikuja kwa sababu ya vumbi. Mwalimu aliongea vizuri lakini kwa sauti ya darasani, na watu walianza kutazama saa. Tajiri alipopewa nafasi hakupanda jukwaani. Alibaki chini, kati ya watu, mikono nyuma.

"Ndugu zangu, nawauliza kitu kimoja tu. Mmesahau foleni ya sukari? Mmesahau kugawana sabuni kwa kisu? Leo sabuni ipo mpaka kwenye kigenge, imeletwa na nini, punda? Huyu mwalimu anataka kufunga njia mchana. Sawa. Na mkikosa unga, mwende mkale hewa safi."

Watu walicheka, na nilicheka kidogo nami, jambo lililoniudhi zaidi. Mtendaji akaniita. Nilifungua bahasha ya kwanza, ile ya nyuma ya ofisi ya kata. Kitambaa kilikuwa na kijivu hafifu cha vumbi, rangi ya pili kwenye kadi. Nikafungua ya pili. Ule weupe ulionekana hadi kwa watu waliosimama nyuma kabisa.

"Mama," tajiri akasema taratibu, "kwa hiyo malori yangu yanasafisha hewa?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hapo ndipo nilipochukua kile nilichotakiwa kukiacha mezani kwa mkuu wangu. Nikasema kwenye kipaza sauti, mbele ya mtaa mzima, kwamba kitambaa kimebadilishwa, kwamba aliyekibadilisha ni mtu wa mgombea huyu, na kwamba wapo waliopokea kanga ili wafumbe macho. Jina la Bi Tatu sikulitaja. Hapakuwa na haja, kila mtu alijua mlango ule ni wa nani.

Kisha nikamwona Bi Tatu anatoka kwa kina mama, polepole, kila hatua chache anasimama avute pumzi. Watu walimpisha. Hakuhitaji kipaza sauti kwa jinsi uwanja ulivyotulia.

"Hakuna aliyebadilisha kitu," akasema. "Nimekifua mie. Jana asubuhi. Kilikuwa kimekuwa cheusi, kama kitambaa cha kufutia sufuria. Nikasema Bibi Afya anakuja kesho kukichukua, nitampaje nguo ya serikali na uchafu ule? Atasemaje juu ya nyumba yangu? Nikakifua kwa sabuni, nikakitia buluu king'ae, nikakirudisha pale pale." Akapumua. "Na kanga kaniletea mwanangu, kutoka Boko."

Sijui aliyeanza kucheka. Najua tu kwamba kilikuwa kicheko cha watu wazuri, si cha kejeli, na ndicho kilichoiua ile sheria ndogo. Mwalimu alisimama akajaribu kusema kwamba mama amethibitisha weusi wenyewe kwa mdomo wake. Alikuwa sahihi. Hakuna aliyemsikia. Wiki ile yote vijana mtaani walipopishana na mie waliniuliza kama nina nguo za kufuliwa.

Tajiri alishinda udiwani. Alishinda kwa haki, nasema hivyo kwa sababu niliichunguza haki hiyo kwa muda mrefu nikitumaini kukuta vinginevyo.

Nilikwenda kumwomba Bi Tatu radhi. Alinipokea, akanifutia kiti. Nikamwomba jambo ambalo nililiona dogo: nitundike bafta nyingine, na safari hii asiiguse. Nikamweleza ni ya nini, rangi zote tano. Alisikiliza, akakubali. Sikuelewa nilichomwomba hadi nilipopita siku ya nne nikamkuta amekaa barazani na vitumbua vyake, na juu ya kichwa chake kile kitambaa kimeshakuwa kama kaniki, na kila mteja aliyepita anakitazama kisha anamtazama yeye. Mwanamke aliyefagia uwanja wake mara mbili kwa siku alikuwa ameketi chini ya uchafu ule kwa ajili ya kifua chake. "Siku tatu bado," aliniambia bila kuniangalia.

Siku ya saba nilikiteremsha kikiwa rangi ya nne, kinaelekea ya tano. Nilikipeleka moja kwa moja kwa diwani mpya. Alikikunjua mezani pake, akakigeuza upande wa pili, akakinusa. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani kwa muda mfupi aliguswa. Kisha akakikunja vizuri akanirudishia.

"Bibi Afya, ulisimama mbele ya watu ukasema mie nimebadilisha kitambaa. Hukuwa na ushahidi. Sasa niambie mwenyewe: nitajuaje kwamba wewe hukukipaka masizi?"

Lile lilikuwa swali langu. Nimewauliza watu swali hilo maisha yangu yote.

Malori yaliendelea kupanda kilima. Mwaka haukuisha, Bi Tatu akahama nyumba ya mumewe, akapangisha vyumba kwa watu wa kuchomelea vyuma, akaenda kwa mwanawe Boko, kwenye hewa safi. Mtaa wa Mbagala ukapoteza vitumbua vyake. Mie niliendelea na kazi, nikapanda hadi cheo ambacho watu wanakubebea mkoba, na nikastaafu kwa heshima zote, hotuba na saa ya ukutani.

Baada ya kustaafu nilifunga safari kwenda Boko. Bi Tatu alikuwa mzee sasa, mdogo kwenye kiti chake, lakini aliongea sentensi nzima bila kusimama, na niliposikia hivyo nilitaka kulia. Tulizungumza ya watoto na ya bei za vitu. Alikuwa anamkumbuka mumewe, anaikumbuka nyumba yake, alitaka kujua kama ule mlango bado upo. Nikamwambia upo, umepakwa rangi nyingine.

Kisha akasema, kwa upole tu, "Mwanangu, kitu kimoja sijawahi kukielewa. Siku ile ya kwanza, ungeniambia tu. Ungesema usifue, ningeacha. Kwa nini hukuniambia?"

Ningeweza kumtaja Bwana Afya na onyo lake. Nilikuwa nimekuja na jibu hilo njia nzima. Lakini nilikuwa nimechoka nalo.

"Niliogopa ungepaka masizi, Bi Tatu. Ili malori yazuiwe."

Akanitazama. "Mie?"

"Wewe."

Nje kulikuwa na kuku tu na upepo. Kisha akakivuta kikombe nilichowekewa mezani, akakiinua kwenye mwanga, akakifuta ukingo mzima kwa pembe ya kanga yake, mara mbili, akanimiminia chai.