Mwaka Ocie Alipoiacha Leseni

Katika bonde letu huku milimani Kentucky, watu wa rika langu karibu wote tulipokelewa duniani na mikono ya Ocie Fugate. Alifanya kazi wodi ya wazazi mpaka nywele zikamwisha weusi. Mdogo wake, Thelda, alikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, kule chini mjini. Wenyewe walikuwa wakitaniana kwamba wamegawana milango: mmoja amesimama pa kuingilia, mwingine pa kutokea.

Waliishi pamoja. Ocie alikuwa mjane wa mchimba makaa, na Thelda alikuwa ameachana na mumewe zamani sana, hata jina lake halitajwi tena. Kila Oktoba, mlima ukianza kugeuka mwekundu, dada hao wawili walikaa mezani jikoni kuhuisha leseni zao. Huku kwetu leseni ya uuguzi ni ya mwaka mmoja tu. Kabla Novemba haijaingia lazima uwe umesoma masomo yako, umejibu maswali, umethibitisha kwamba yote uliyosema ni kweli. Ukichelewa, wewe si muuguzi.

Ocie alikuwa ameshastaafu, lakini leseni hakuiacha. Ukimwuliza ya nini, alikujibu, "Na theluji ikifunga barabara, utamwita nani? Mbwa wako?" Na kweli tulimwita yeye. Alikuja na mkoba wake na viatu vya mpira, akitukana njia nzima.

Mwaka huo ninaousimulia, mambo yalikuwa yameanza kulegea. Ocie alibandika birika jikoni bila maji. Aliniita kwa jina la mama yangu, ambaye tulikuwa tumemzika. Thelda aliyaona yote, maana ndiyo kazi yake, ila hakuyasema. Nyumba ya wazee ilikuwa na upungufu wa watu na yeye alikuwa akiunganisha zamu. Alikuwa akirudi nyumbani uso umemshuka kama nguo iliyoloa.

Jumapili moja niliwapelekea maboga nikawakuta mezani, kompyuta imefunguliwa. Thelda alikuwa bado na viatu vya kazini.

"Kaa unywe kahawa," Ocie akaniambia. "Leo tunafanya mtihani. Ukimwona huyu anachungulia majibu yangu, niambie."

"Nani achungulie kwako?" Thelda akasema huku anapiga miayo. "Wewe ni wa kukamata vitoto. Mimi ndiye ninayejua magonjwa."

"Wagonjwa wako wote wamelala. Hata mimi ningewaweza."

Tukacheka. Ocie alisema macho yake ni mazito, basi Thelda awe anamsomea naye anajibu. Mwaka uliopita walifanya hivyohivyo, na Ocie alijibu polepole lakini sawa. Thelda akaanza. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri, ya kunawa mikono na ya kumgeuza mgonjwa kitandani. Kisha akasoma:

"Mgonjwa wa kisukari amechomwa sindano yake asubuhi, hakula. Sasa anatetemeka, anatokwa jasho, maneno yanamchanganyikia. Utafanya nini kwanza?"

"Mchome insulini," Ocie akajibu papo hapo.

Hata mimi, ambaye mjomba wangu ana kisukari, nilijua. Mtu huyo sukari imemshuka. Ukimwongezea insulini unammaliza. Nikainamia kikombe changu. Thelda alitabasamu kidogo, akalainisha sauti.

"Haya dada, tuendelee na jingine."

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Tuendelee tu."

Ocie akaweka kikombe chini. "Thelda. Hiyo sura umeitoa kazini."

"Sura gani tena?"

"Hiyo mnayowavalia wazee wenu wakiwauliza mama zao wako wapi. Nami nimewahi kuivaa, naijua. Usiniletee mimi. Nisomee tena."

Thelda akamsomea tena. Ocie alifumba macho. Alipoyafumbua alisema kwa sauti yake ya zamani, ile ya wodini:

"Anataka sukari. Maji ya machungwa, asali, chochote kitamu, halafu usimwache peke yake."

"Ndiyo, dada."

"Mwanzo nilisema nini?"

Thelda akaangalia pembeni. Ocie akanigeukia mimi. "Wewe unayemaliza kahawa yangu, nilisema nini?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Ulisema insulini, Mama Ocie."

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayehesabiwa makosa ya mtoto wake.

"Ni swali la kompyuta," Thelda akasema haraka. "Hakuna mtu aliyeumia. Umechoka, na mimi nimechoka. Siku bado zipo, tutajaribu wiki ijayo."

"Siku zipo, akili ndiyo inayoondoka. Wiki ijayo naweza kupata, na wiki inayofuata nikakosa. Theluji ikija wataniita, Thelda. Unawajua watu wa hapa. Wataniita, nami nitakwenda, maana mguu wangu haujui kukataa." Akaisogeza kompyuta kwake. "Nionyeshe pa kubonyeza nisiihuishe. Niwe mstaafu wa kweli."

Thelda alijaribu kumzuia mkono. Ocie akautoa taratibu, kama mkunga anavyoutoa mkono wa mzazi mwenye hofu aliyemshika. Thelda akamwonyesha. Ocie akabonyeza mwenyewe.

Nilidhani atalia. Alisema tu, "Haya. Sasa yako."

"Yangu naiacha pia," Thelda akasema. Hapo ndipo yalipomtoka yote. "Mgongo wangu umekwisha. Jana nimewalisha watu wa vyumba vyote vya upande wa mashariki peke yangu. Naacha, dada, nikae hapa na wewe."

"Unikalie kama kuku anayeatamia? Tutauana kabla ya Krismasi."

"Sikutanii."

"Na mimi sikutanii." Ocie akamshika kidevu, kama alivyomshika utotoni bila shaka. "Kuna siku nitaletwa kule kwenu. Usiseme hapana, sote wawili tunajua. Siku hiyo nataka nimkute muuguzi ninayemjua. Jibu maswali yako."

Thelda alilia na viatu vyake vya kazini miguuni, kilio kifupi cha mtu asiye na nguvu za kulia zaidi. Kisha akajifuta kwa taulo ya vyombo na kuyajibu maswali yaliyobaki, mengine huku anasinzia. Ocie alikuwa akimsukuma kwa kiwiko. Leseni ya Thelda ilihuishwa.

Mimi nikajitolea kukaa na Ocie siku za zamu za Thelda. Ndipo nilipojionea yaliyofuata. Siku chache baadaye aliuliza, "Thelda, leseni tumeshahuisha?" Thelda akamweleza ukweli. Ocie akafoka, akamwita mwizi, akasema ameibiwa kazi yake akiwa amelala. Alipouliza mara nyingine, alilia. Mara nyingine tena alicheka: "Niliacha mwenyewe? Kumbe bado nilikuwa na akili!" Thelda alimwambia ukweli kila mara, akitoka zamu, akienda zamu, kipande cha mkate wa mahindi mkononi. Hakuwahi kumvalia ile sura tena. Lakini nilimwona anasimama kwanza nje ya mlango, akivuta pumzi kabla ya kuingia.

Sikukuu ya Shukrani ilipofika, mwishoni mwa Novemba, Ocie alikuwa ameacha kuuliza. Nilimwambia Thelda kwamba angalau hilo limepungua.

"Lilikuwa linanichosha kuliko kazi," akasema huku anatafuta funguo za gari. "Lakini alipokuwa anauliza, alikuwa bado anajua kwamba ni muuguzi."

Akanielekeza dawa za mchana, akambusu dada yake kichwani, akaenda kazini.