Mjane wa Mabati

Bati jipya lina harufu yake. Likishachomwa na jua la mchana, kisha mvua ya kwanza ikaliangukia, hutoa mvuke wenye harufu ya chuma na mafuta, kama kisu kilichotoka kunolewa sasa hivi. Watu wengine wakiinusa harufu hiyo huwaza maendeleo. Mimi humwaza mama yangu, na hapo ndipo penye ungamo langu. Kwa miaka mingi nimekana mbele ya mdogo wangu Athumani, mbele ya mume wangu, na hata mbele ya daktari mmoja mpole ambaye kazi yake ilikuwa kunisikiliza, kwamba niliwahi kuamini maneno ya mtaani juu ya mama. Niliyaamini. Niliyaamini nikiwa mtoto mwenye kamasi, nikayaamini nikiwa na shahada mbili. Niliamini kwamba alimtangaza baba kuwa amekufa ili tupewe nyumba.

Tulikuwa tukikaa bondeni, upande wa Kwamndolwa, kwenye kipande cha ardhi ambacho babu yake mama, aliyeletwa na kazi ya mkonge kutoka mbali, aliachiwa kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyekitaka. Baba alikuwa Mzigua wa Handeni. Alikuja kuoa, akakaa. Ndugu zake walisema kwamba si yeye aliyeoa, bali ndiye aliyeolewa, naye alicheka na kuendelea kupalilia mpunga wa wakwe zake.

Siku maji yalipokuja, kwetu hapakuwa na wingu. Mvua ilikuwa imenyesha milimani Usambara kwa siku kadhaa, na sisi wa tambarare tulikuwa tukiitazama kwa mbali kama mtu anavyotazama ugomvi wa jirani. Kisha tukasikia mngurumo. Watoto wote wa bondeni tuliujua mngurumo ule: ni treni. Tukatoka mbio kwenda relini kuipungia mkono. Hivyo ndivyo nilivyopona, msomaji wangu, kwa ujinga. Tulikuwa tumeshapanda tuta la reli, mikono juu, tukingoja mabehewa, tulipoona mashamba nyuma yetu yanatembea.

Baba alikuja akimbeba Athumani begani na kumvuta mama mkono. Aliwafikisha juu ya tuta tulipokuwa, akageuka kwenda kufungua mbuzi. "Narudi sasa hivi," alisema, kwa sauti ya mtu anayekwenda dukani kuchukua chumvi. Mbuzi wawili walifika. Yeye hakufika.

Nyumba ya udongo haibomoki kwa maji kama watu wanavyodhani. Inayeyuka. Inakaa ndani ya maji kama kipande cha sukari guru, inapungua pembeni, halafu paa linakaa chini taratibu kama mama mja mzito. Tuliitazama ya kwetu ikikaa. Mama hakulia. Aliwashika wale mbuzi kamba, akawa anawahesabu wawili hao tena na tena kana kwamba wangeongezeka.

Tulihamishiwa kwenye uwanja wa shule, chini ya maturubai yaliyonuka mafuta ya taa na jasho la watu wengi. Siku chache baadaye wakaja wamisionari kutoka misheni ya milimani. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," wakisema nusu kwa shukrani na nusu kwa wasiwasi, maana wengi wetu tulikuwa Waislamu na hatukujua kupona huko kungekuja na nini. Aliyewaongoza alikuwa Sista Klara, mwanamke mzee, mrefu, aliyevaa mabuti ya mpira chini ya gauni lake la kitawa. Alikuwa amekaa na Washambaa muda mrefu hivi kwamba Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama njia za kwao. Hakumwomba mtu yeyote abatizwe. Aliomba tufyatue matofali.

Utaratibu wake ulikuwa hivi: misheni italeta mabati, mbao na mafundi, kila familia itafyatua matofali yake. Mabati ya gari la kwanza yalikuwa machache, kwa hiyo wajane wangetangulia, na wenye waume wangengoja. Alidhani ametangaza huruma. Hakujua ametangaza mashindano. Ghafla kambi nzima ilikuwa na wajane. Mzee mmoja, Mzee Sempombe, alianza kukaa mchana kutwa ndani ya mahindi ya shule ili mkewe aonekane peke yake. Sista alipita karibu na shamba lile, akasimama, akayainamia mahindi kwa adabu.

"Marehemu, shikamoo."

"Marahaba," yakajibu mahindi.

Kambi ilicheka mpaka jioni. Nadhani ndicho kicheko pekee cha kweli ninachokikumbuka kutoka msimu ule.

Mama hakuwa miongoni mwa wajane hao. Alipoulizwa alisema, "Mume wangu hajarudi," akaendelea kufyatua. Alikuwa na mkono mzuri: alibamiza tope kwenye kalibu, akalisawazisha kwa kiganja, akainua, na tofali likabaki limesimama kama mwanajeshi. Kila jioni aliacha uji wa baba kwenye bakuli lililofunikwa sahani. Kila asubuhi mimi na Athumani tuliunywa.

Halafu ikaja asubuhi moja. Mama alikuwa na tope mpaka viwikoni. Landrova ya misheni ikasimama, Sista akashuka, akamwinamia na kumwambia maneno machache. Mama akanawa mikono, akapanda mbele. Hakutuaga. Alasiri gari likamrudisha. Aliomba maji ya kuoga, akaoga kwa muda mrefu mno, kisha akaingia ndani ya turubai na kumwita Maalim wa madrasa. Walizungumza kwa sauti za chini. Maalim alipotoka alisema, bila kumtazama mtu usoni, kwamba Mama Zaina anakaa eda. Zaina ndiye mimi.

Jirani yetu wa turubai, Mama Tunu, mwanamke mwenye moyo wa kukugawia chumvi yake ya mwisho na ulimi wa kukupokonya heshima yako ya mwisho, hakuchelewa.

"Maalim, mume aliyepotea si anasubiriwa miaka? Eda hii ya nini?"

"Kila jambo na elimu yake, Mama Tunu."

"Elimu, au bati?"

Maana madrasa nayo ilikuwa imeezuliwa na maji, na Sista alikuwa ameahidi kuiezeka. Wanawake waliguna. Mama Tunu akageukia wenzake, akaikata hukumu: "Kapanda gari la Sista akiwa mke, kashuka mjane. Hilo gari au mahakama?"

Ndivyo jina lilivyopatikana. Mjane wa mabati. Shuleni mimi nikawa mtoto wa mabati, na wavulana walinigongea madawati nikipita, wakiigiza mvua juu ya paa. Nilimuuliza mama mara moja tu, nikiwa nimepiga magoti mlangoni pa turubai, "Mama, baba amekufa kweli?" Alikuwa amejifunika nguo nyeupe, uso umepungua. Akanisogezea bakuli. "Kula, uji unapoa." Niligundua siku hiyo kwamba palikuwa na mabakuli mawili tu. La baba lilikuwa limekwisha kuoshwa.

Sasa ikazuka shida ambayo haikuandikwa katika utaratibu wa misheni wala katika vitabu vya Maalim. Mjane hutangulia kupata nyumba, lakini nyumba haijengwi bila matofali, na mwanamke aliye eda hatoki nje kwenda kukanyaga tope mbele za watu kwa miezi minne na siku kumi. Akiwa mjane, hawezi kufyatua. Akifyatua, basi si mjane. Mama Tunu aliliona hilo kabla ya wote, akangoja kwa hamu kuona mama atachagua lipi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilingoja naye. Nilitumaini mama atoke nje. Angetoka, baba angekuwa hai.

Hakutoka. Aliyetoka ni Sista Klara. Alipandisha gauni, akafunga kibwebwe, akashika kalibu ya mama na kuanza. Matofali yake yalikuwa aibu tupu: mengine yalivimba kama maandazi, mengine yaliinama kana kwamba yanasali. Wanawake walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha mmoja akaenda kumsaidia. Mama Tunu alikuwa wa mwisho kwenda, lakini alikwenda, akifyatua kwa hasira huku akisema, "Mwongo na alale pakavu, basi." Ukipita leo nyumbani kwetu, kwenye mwinuko wa Kilole, utayaona matofali ya Sista ukutani. Hayahitaji kuonyeshwa.

Siku ya kwanza mvua kunyesha juu ya bati letu, Athumani alicheza dansi. Mimi nilikaa kitandani nikiinusa ile harufu, nikijiambia kwamba nalala chini ya bei ya baba yangu.

Baadaye uvumi ukapata miguu. Kaka yake Mama Tunu alikuwa akifanya biashara minadani, akaleta habari kwamba amemwona mtu Handeni, kofia imefunika macho, anauza mbuzi. "Mbuzi!" Mama Tunu alisema. "Lisemwalo lipo." Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa, wala ungo haukusita.

Mbegu hiyo ilinikaa. Nilipofika chuo kikuu nilichagua kuandika utafiti juu ya minada ya mifugo ya Handeni. Mwalimu wangu alisifu uvumilivu wangu wa kuzunguka juani, mnada baada ya mnada, nikiwahoji wauza mbuzi wazee. Alisema nina jicho la mtafiti. Kwa kweli nilikuwa nachungulia chini ya kofia za watu. Nilipata alama nzuri sana, na sikumpata mtu.

Mtoto anayemshuku mama yake haachi kumpenda, anajifunza tu kumpenda kwa mbali kidogo. Nilituma matumizi, nilikwenda sikukuu, niliandika makala juu ya wanawake wanaonyamaza na kuwapa majina makubwa ya kisomi. Kwa mama yangu mwenyewe niliona kunyamaza ni kukiri.

Mama hupiga simu ili ikatike, kisha hungoja nimpigie mimi. Mchana mmoja wa masika iliyopita, simu iliita na haikukatika. Nikapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Kuna kaburi linatakiwa kuhamishwa. Mto unakula ukingo, watu wa huko chini wamenipigia. Mimi miguu hainifikishi tena, na Athumani unamjua, makaburi anayaogopa. Nikasema nikuombe wewe."

"Kaburi la nani, mama?"

"La baba yako."

Alinieleza kwa kifupi, kama mtu anayeeleza njia. Watu wa kijiji cha chini, kwenye mashamba ya mkonge, walimpata mtu maji yalipopungua. Habari zikafika misheni. Sista akampeleka mama akamtazame. Alimtambua. Hakuwa wa kusafirishwa, kwa hiyo walimswalia na kumzika palepale, Sista akiwa amesimama kando na mabuti yake. Maalim aliambiwa jioni ile ile, akaombwa asiseme, naye akaenda na siri hiyo kaburini.

Nilisikia sauti yangu ikipanda kama ya mtoto. "Mama, wamekuita mjane wa mabati miaka yote hii! Shuleni walinigongea madawati! Si ungesema tu kwamba umemwona?"

Kwake kulikuwa na kuku, na mtu kwa mbali akikata kuni.

"Ningesema nimemwona," alisema, "mngeniuliza alikuwaje."

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Swali hilohilo lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Nikalimeza.

"Wanataka tufike lini?" nikasema.