Mtani Aliyeniuliza Barabara

Katika asubuhi zote nilizopanda basi kwenda Shinyanga mjini, mwanangu, nakumbuka moja ambayo ningefurahi kuisahau. Kaa karibu nikusimulie taratibu. Mimi si mtu wa kukufungia mzigo kabla hujaukagua.

Nilikuwa msichana bado, mchuuzi wa kuku. Kila alfajiri nilipandia Didia na tenga langu. Kuku niliwahesabu wakipakiwa na nikawahesabu tena wakishushwa, kwa sababu kuku hajui anakoshukia, ila konda anajua. Kiti changu kilikuwa cha mbele, ubavuni mwa dereva. Wengine walikigombania, mimi nilikipata kwa mdomo tu.

Dereva alikuwa Mgogo, Mzee Chibago, na sisi Wasukuma tuna utani na Wagogo tangu enzi babu zetu walipopita kwao kwa miguu, mizigo kichwani, wakienda pwani. Mtani hana kosa, mwanangu. Anaweza kukusema mbele ya mkweo na ukamshukuru. Basi nikishaweka mguu ndani, vita imeanza.

"Shikamoo, mla mlenda."

"Marahaba, mla michembe. Umeoga leo, au wameoga kuku kwa niaba yako?"

"Nimeoga. Kwetu maji yapo. Nyinyi nasikia mnafutana kwa vumbi."

Abiria walicheka mpaka mjini. Kulikuwa na mama mmoja muuza nyanya, Mama Kulwa, ambaye aliwahi kuacha basi lenye nafasi lipite, akangoja letu lililojaa, ili asikose maneno.

Lakini kilichotuchekesha kuliko vyote ni maswali ya mzee yule. Akiona kitu mbali, anauegemea usukani na kuuliza, "Mtani, yule anayekuja na baiskeli ni ndugu yako, au ni fisi wa kwenu ametoroka?"

"Ni shemeji yako. Punguza mwendo umsalimie."

Anapunguza. Mbele kidogo anauliza tena, "Na lile pale? Gunia au mtu?"

"Gunia. Mtu wa kwetu hana tumbo dogo hivyo."

Anapita. Siku nyingine alisimama kabisa kumpakia abiria. Konda akafungua mlango: kisiki. Nikamwambia, "Mpandishe, nauli atalipa mbele ya safari." Basi zima likaangua kicheko. Mzee Chibago naye akacheka, ila alichelewa kidogo kuanza. Niliuona ule uchelewaji. Mimi, mwanangu, ambaye kuku akipepesa jicho najua ana kideri, niliuona nikaupita.

Sasa asubuhi yenyewe. Tulikuwa tunakaribia Samuye, jua linachomoza usoni mwetu, na wachungaji wanavusha ng'ombe. Niliwaona toka mbali. Yeyote aliyekaa mbele angewaona.

"Mtani," akauliza, "kule mbele kinachotikisika ni nini?"

"Mahari yangu inarudishwa. Pita tu, watakupisha, wanamjua shemeji yao."

Nyuma wakacheka. Naye akapita.

Nilipogundua kwamba mguu wake haujagusa breki, tulikuwa tumeshafika. Basi liliwavaa ng'ombe, likaacha lami, likalala ubavu mtaroni. Hakufa mtu, ukitafuta faida katika habari hii ni hiyo peke yake. Mama Kulwa alivunjika nyonga, na nyanya hakuuza tena. Watu wa jirani walitufikia haraka sana, na visu mkononi. Ng'ombe waliokufa waligawanywa kabla abiria wa mwisho hajatolewa dirishani.

Mzee Chibago alitoka akipapasa bodi ya basi kwa viganja, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Na jua lilikuwa limeshatoka. Akafika niliposimama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mtani, walikuwepo kweli?"

"Walikuwepo."

"Na wewe uliwaona."

Nikageuka kutazama tenga langu mtaroni.

"Macho yangu yana ukungu, mama," akasema. Hakuwahi kuniita mama. "Nikimwambia tajiri wa basi, kesho yake usukani ana mwingine. Nilidhani umeshajua. Asubuhi zote zile nilidhani unajua, ila unanisitiri kwa utani ili wenzako wasishtuke."

Umeelewa, mwanangu? Yeye alidhani tumepatana. Mimi nilidhani tunacheza.

Leseni ilikwenda, kazi ikaenda, akarudi kwao Dodoma akiongozwa kwa mkono. Alipofariki nilisafiri kwenda msibani. Desturi unaijua: mtani akifika, anamkejeli marehemu, anazuia jeneza, hata kaburini analala, mpaka wafiwa wacheke na kumpa chochote. Wakanisubiri. Mjane wake akasema, "Mtani wake amefika. Haya, mseme." Nikasimama. Mimi niliyewashinda kwa maneno madalali wote wa kuku pale sokoni, nilikosa neno moja la kumwambia maiti.

Mjane hakunilaumu. Alisema tu, kama anayemtambulisha mgeni, "Ndiye huyu aliyekuwa akimwendesha."

Basi sikia. Utani usiuache, maana bila utani dunia hii hainunuliki hata kwa bei ya jioni. Lakini wazee walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Mtu akikuuliza jambo lile lile kwa kicheko leo, na kesho, na siku inayofuata, mvute kando pasipo na wa kushangilia, umuulize kinachomsumbua. Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Ni kweli, ila wapo wasioficha: wanasema mbele ya basi zima, na basi zima linacheka. Na ukiulizwa kilichopo mbele, taja kilichopo. Kejeli itafuata, kama bado ina nafasi.

Mungu akuzidishie watani, mwanangu, na katika hao asikukoseshe mmoja atakayejua ni saa ngapi hutanii. Naye akujalie kuwa huyo mmoja kwa mwenzio. Mimi nafasi hiyo nilikuwa nayo, kiti cha mbele kabisa.