Chuo cha India kilipofuta majoho ya Mwingereza, na mama yangu wa Msambweni akalitaka lake

Wakuu, nawasalimu nyote, wa bara na wa pwani, mnaoandika na mnaosoma kimyakimya mkisubiri mtu akosee mumrukie.

Nimeona humu mjadala wa vyuo vya India, kwamba waache kuvaa joho jeusi na ile kofia ya pembe nne siku ya mahafali, kwa sababu ni mambo ya mkoloni. Watu wanarushiana maneno na wengi hata hawajafika huko.

Mimi nimesoma huko, na chuo changu kilifuta joho mwaka uleule niliomaliza. Nitaeleza nilivyoyaona, sitatia chumvi. Mkiona chumvi, hiyo ni ya mama yangu, mwenyewe ndivyo alivyo.

Kidogo kunihusu. Mimi ni binti wa Kidigo, kwetu Msambweni, na sasa nafanya kazi kwenye duka la dawa Ukunda. Degree yangu ya pharmacy niliisomea kusini mwa India, jimbo la Tamil Nadu.

Niseme wazi kabisa, nchi ile niliipenda. Ni watu wa nazi kama sisi. Wali wanaujua, samaki wanamjua, na bajia za kando ya barabara ukifumba macho unadhani uko stendi ya Ukunda. Walimu wangu walikuwa wakali lakini hawakuwahi kunifanya nijione mgeni.

Sasa mama.

Mama hakumaliza shule ya msingi. Bibi yangu alikuwa akikata miwa Ramisi, na mama ndiye kifungua mimba wake, basi siku moja akaambiwa abaki nyumbani alee wadogo zake. Hakurudi tena darasani. Si mtu wa kulalamika, lakini tangu niko sekondari alikuwa na neno moja analonirudia: "Siku utakayovaa joho, nami utanivisha nipigwe picha."

Wakenya wenzangu mnalijua hili. Mahafali yakiisha joho linazunguka. Analivaa mama, analivaa shangazi, analivaa bibi asiyejua kusoma, na kofia inamwangukia machoni. Mimi naona hiyo ndiyo mahafali yenyewe. Ile ya kuitwa jina ukumbini ni ya chuo.

Basi, semester ya mwisho tukaitwa ukumbini. Makamu mkuu wa chuo, mzee mfupi wa kuvaa kandambili hata ofisini, akasimama akasema kuanzia mwaka huu hakuna joho. Alieleza kwa upole. Akasema joho lilishonwa kwa ajili ya nchi za baridi, na huku kila mwaka lazima mtu azimie kwa joto. Akasema wafumaji wa vitambaa vya pamba wako hapohapo nyuma ya chuo, watoto wao wanasoma humu, na hakuna siku kubwa hata moja ambayo chuo kimewahi kuvaa kazi ya mikono yao.

Wanawake watavaa sari nyeupe ya pamba yenye ukingo mwekundu, wanaume shuka ya kujifunga kiunoni na shati jeupe. Kitambaa kimoja kwa wote, kuanzia yeye mpaka mwanafunzi wa mwisho. Na wageni tuvae mavazi ya kwetu.

Wakuu, nilimpigia makofi mpaka viganja vikawaka. Nilimwona mzee yule ni mwanamume kweli. Sisi huku kwetu tunafanya mikutano ya vazi la taifa, tunakunywa chai, tunaenda nyumbani.

Nikarudi hosteli nimejaa furaha. Nikamkuta Selvi, mwenzangu wa chumba, amelala ameelekea ukutani.

Selvi ni mtoto wa wakata miwa. Kwao ndiye wa kwanza kuingia chuo kikuu, na katika darasa letu ndiye aliyekuwa akitufundisha sisi wengine usiku wa kuamkia mtihani. Nikamuuliza kulikoni, si amesikia habari nzuri?

Akanijibu bila kugeuka. "Wewe unaona ni mambo ya Mwingereza. Mimi hapa kwetu, watu wakitazama nilivyovaa, nilivyofunga sari, wanajua natoka mtaa gani na tabaka gani, la juu au la chini, na wanajua wanisogelee au wasinisogelee. Joho halisemi kitu. Nilitaka siku moja nisimame mbele ya watu, wasijue mimi ni wa nani."

Nikaketi kando ya kitanda chake.

Halafu ndipo nikamkumbuka mama.

Kaka zangu na wajomba walikuwa wameshamchangia tiketi. Pasipoti tayari. Kina mama wa kikundi chake walikuwa wameshamshonea gauni. Msambweni nzima inajua mama yangu, Mwanahamisi, anakwenda India kuvaa joho.

Nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Joho umeshalipima?"

Nikamweleza yote. Mkoloni, joto, wafumaji, vazi la kwetu. Nilieleza vizuri sana, kama makamu mkuu mwenyewe. Mama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, watoto wa chekechea hapa Msambweni wavaa joho, na kupenga kamasi bado hawajajua. Weye umesoma miaka yote hiyo, wakunyima?"

"Hawajaninyima mama, wamebadilisha."

"Haya. Wao wenye chuo." Kisha akasema, sauti imeshuka, "Mie sikuwa nataka jambo kubwa."

Wakuu, hilo ndilo lililonimaliza. Angenifokea ningelala usingizi.

Lakini alikuja. Alibadilisha ndege Uarabuni peke yake, kwa kumganda mama mmoja wa Kihindi tangu uwanja wa Mombasa, kila aendako yumo nyuma yake, mpaka msalani. Walipofika wameshakuwa ndugu, hakuna aliyejua neno la mwenzake.

Aliniletea leso mpya, zile kanga zetu, doti nzima, nyekundu na nyeupe. Asubuhi ya mahafali akanivalisha mwenyewe pale hosteli. Dera jeupe, leso moja kiunoni, moja mabegani, akanizunguka akivuta hapa, akilegeza pale, na kunipiga kikofi nikijitikisa. Selvi naye yuko kwenye kioo na sari yake mpya. Akasogea kuishika leso yangu, akageuza pindo, akaanza kucheka. Pembeni imepigwa chapa: Made in India.

Vazi langu la taifa hilo. Nikamtafsiria mama, nikidhani ataona haya.

"Ndiyo, zatoka huku," akasema, "kwani weye ulidhani zafumwa Vanga? Wao wachapa, sisi twajua kuvaa. Simama wima."

Naomba niwaeleze ukumbi ulivyokuwa maana picha haziwezi. Wanafunzi mia kadhaa, weupe mtupu na ule ukingo mwekundu, feni zinapepea, hakuna anayetoka jasho, hakuna anayejipepea na kofia. Makamu mkuu na walimu wake kitambaa kilekile. Na mstari wa mbele, mahali ambapo kwa kawaida hukaa waheshimiwa, wameketishwa wafumaji. Wanawake kwa wanaume, watu wazima, wamekaa wamenyooka kabisa wakitazama kazi yao ikipita mbele yao mtu baada ya mtu.

Nilimtafuta Selvi kwa macho. Kwenye ule mstari, kusema kweli, hata mimi nilimkosa mara mbili, wote wamefanana. Baadaye nilimwambia. Akasema ni kweli ilikuwa nzuri kuliko alivyofikiri, lakini joho bado analitaka. Nikamheshimu zaidi kwa hilo.

Jina langu likaitwa.

Kule wana ustaarabu wa kupiga makofi madogo na kunyamaza. Mama yangu hajui ustaarabu huo. Alisimama kule nyuma na vigelegele vyake vya harusi, vile virefu, ukumbi mzima ukageuka. Nikatamani zulia linimeze. Walinzi wawili wakaanza kwenda upande wake.

Kabla hawajafika, upande wa pili wa ukumbi mwanamke mwingine akajibu. Ulimi uleule, sauti ileile nyembamba ndefu. Kumbe wanawake wa mashambani kule Tamil Nadu wana vigelegele kama vyetu! Miaka yote niliyokaa sikuwahi kujua. Wakaitikia wengine, wale wafumaji wa mbele nao wakaingia, na makamu mkuu akashindwa kuendelea, akabaki amesimama na cheti changu mkononi, anacheka.

Yule wa kwanza kujibu alikuwa mama yake Selvi.

Nje walitafutana wenyewe. Mama akamshika mikono yule mama, akaigeuza, akaitazama vidole na viganja vilivyojaa makovu. Akaniambia, "Huyu amekata miwa." Sikuwa nimemwambia. Aliijua ile mikono, maana ndiyo aliyoiona kwa bibi utoto wake wote. Akalia pale uani, na mama Selvi akalia, mimi na Selvi tumesimama katikati hatuna cha kutafsiri.

Tulipokuwa tukitoka getini ndipo tukaliona.

Ng'ambo ya barabara kuna studio ya picha, ya miaka mingi. Mwenyewe ameweka bango jipya mlangoni, na juu ya bango ametundika joho jeusi na kofia ya pembe nne. Chuo kimefuta, yeye kaona riziki. Na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya chakula! Wasichana wa sari nyeupe, wavulana wa shuka, na wazazi wao, wote wanangoja zamu ya joho la Mwingereza.

Selvi akanitazama. Mama akanitazama. Nimeishi na watu wawili hawa, sikuwahi kuwaona wamefanana namna ile.

Selvi aliingia kwanza. Alipolivaa hakucheka hata kidogo, alisimama akamtazama mpiga picha kama anayemdai. Kisha akamvisha mama yake. Pale studio wana desturi ya kuandika jina na degree ya mtu chini ya picha, kwa herufi za dhahabu. Mpiga picha alipouliza, mama Selvi akasema yeye shule hakuingia hata siku moja, aandikiwe mama wa Selvi. Ikaandikwa hivyo.

Zamu ya mama yangu. Joho lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Akaivaa kofia juu ya mtandio, akairekebisha mwenyewe, akakaa kwenye kiti mbele ya pazia lililochorwa makabati ya vitabu. Mimi macho yangu yalikuwa yamejaa siku nyingi, yakamwagika.

Mpiga picha, kijana mchapakazi, hajui huyu ni nani, akauliza bila kuinua uso: "Madam, your degree?"

Nikataka kumjibu kwamba huyu ni mzazi, naye aandike mama wa fulani. Mama akanizuia.

"Asemaje?"

"Auliza umesoma mpaka wapi, aandike chini ya picha."

Mama akafikiri. Hakuona haya, alifikiri tu kama mtu anayetaka kujibu sawasawa.

"Mwambie darasa la sita."

Nikaanza kumnyoosha kofia.

"Mwambie. La sita nililimaliza, na nilikuwa wa pili. La saba ndilo hawakuniwachia."

Nikamwambia: darasa la sita, Msambweni. Yule kijana akainua uso, akamtazama mama, kisha akaandika polepole kuliko alivyowaandikia wote, na akauliza Msambweni inaandikwaje.

Wakuu, sasa mniulize kama vyuo vya India vibaki na joho au viliache.

Mimi nasema chuo changu kilifanya jambo la heshima na ningekipigia makofi tena leo. Wale wafumaji kukaa mstari wa mbele, sidhani nitaona kitu kizuri vile tena kwenye mahafali yoyote. Ila nilijifunza kwamba vazi likishakaa miaka mingi mahali, wenye kulitamani huwa si wale waliolileta. Ukilifuta, kwanza ulizia nani alikuwa kwenye foleni akilingoja. Usiwacheke. Na usimsumbue yule wa studio ng'ambo ya barabara.

Walioko vyuo vya India sasa hivi, semeni huko kwenu imekuwaje. Wanaotetea joho na wanaolipinga, njooni, ila kwa adabu, mama yangu husomewa uzi huu.

Na kabla hujaandika hoja yako, tuandikie kwanza mama yako au baba yako aliachia darasa la ngapi. Wa kwangu, la sita, Msambweni. Alikuwa wa pili.